Nani Alitoa Themostati? Historia ya Gari Langu Kunywa Mafuta

Mnakumbuka Oktoba 2023? Petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita pale Nairobi, bei ambayo Kenya ilikuwa haijawahi kuiona. Huo ndio mwezi ambao mimi, kwa akili zangu timamu, niliamua kununua gari la turbo.

Tulieni wasee, msinicheke bado.

Halikuwa jipya. Ni Subaru Forester ya 2005, injini ya EJ20, na lilikuwa limepita mikono mitatu kabla ya kunifikia. Mmoja aliweka ekzosi kubwa. Mwingine akaongeza intakula ya mbele na kuchezea kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa zaidi. Mimi nikalikuta likinguruma hivyo, nikatoa akiba yangu yote na nyongeza kidogo kutoka kwa chama cha mathe. Mpango ulikuwa wa maana: kubeba spika na kamera zangu kwenda kwa harusi na matanga, kuanzia Kericho hadi Kisumu, na kila baada ya wiki mbili kumpeleka mathe kliniki Kisumu bila yeye kubanwa kwa matatu. Kwa hivyo kila lita iliyochomeka bure ilikuwa pesa ya mtu fulani pale nyumbani.

Nilianza kuweka daftari siku ya kwanza. Najaza tangi hadi juu kwenye kituo kilekile, naandika kilomita, naendesha, najaza tena. Mwezi wa kwanza: kilomita 9 kwa lita. Kwa Subaru ya turbo iliyochezewa, hiyo si mbaya.

Halafu siku moja, nikipanda mlima wa Fort Ternan na spika nne nyuma, sindano ya joto ikaanza kupanda pia. Nikasimama kando, nikangoja injini ipoe, nikarudi Muhoroni polepole mpaka kwa Jaduong'.

Jaduong' ni fundi wa mtaa wetu. Hilo si jina lake, ni heshima; ndivyo tunavyowaita wazee kwa Kijaluo. Aliingia gereji miaka ya 1970, kwenye malori ya kubeba miwa, na sidhani kuna aina ya injini iliyowahi kulala hapa Muhoroni ambayo hajaifungua. Alinisikiliza, akaingia chini ya gari, na baada ya nusu saa akatoa mkono ukiwa na kitu cha chuma kinachotoshea kiganjani.

"Nyathina, shida ni hii. Themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto iko ya kutosha, hii haina kazi."

Akaitupa kwa mkebe. Mkebe ukalia kling, kwa sababu ulikuwa umejaa zingine.

Kweli, gari halikuchemka tena wiki hiyo. Nikamshukuru, nikalipa, nikaenda zangu. Lakini daftari halina adabu. Mwezi uliofuata lilisema kilomita 7.5 kwa lita. Barabara ni zile zile, mzigo ni ule ule. Piga hesabu: kwa bei ile, ni karibu shilingi 480 zaidi kwa kila kilomita 100. Kwenda na kurudi Kisumu ni kama kilomita 100. Yaani kila nikimpeleka mathe kliniki, nilikuwa nalipia abiria asiyeonekana.

Nilikuwa tayari nimeandika posti ya kuwachoma mafundi wa zamani. Sikuituma. Nilijiuliza: mtu aliyekaa na injini karibu miaka 50 hawezi kuwa anatupa kitu bila sababu. Hiyo sababu ilitoka wapi? Nikaanza kufukua, na nilichopata ni historia ya mji wetu yenyewe.

KITU CHENYEWE NI NINI

Themostati ni mlango. Injini inazungukwa na maji, na maji yakipata moto yanaenda kwa rediata kupozwa. Ukiwasha gari asubuhi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, ili ipate moto haraka. Yakifika kiwango fulani, mlango unaanza kufunguka kidogo kidogo. Kwa EJ20 kama yangu, unaanza kati ya nyuzi 76 na 80, na unakuwa wazi kabisa kwenye nyuzi 91.

Hakuna waya wala betri. Ndani kuna kidonge cha nta. Nta ikiyeyuka inavimba, inasukuma kipini, mlango unafunguka. Ikipoa, springi inaurudisha mahali pake. Ujanja huo wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani miaka ya 1930, na mpaka leo ndio uko ndani ya magari mengi unayoyaona barabarani. Kabla ya hapo watu waliishi bila hiyo. Ford Model T, lililoanza kutengenezwa 1908 na kuuzwa kwa mamilioni, mengi yake hayakuwa hata na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka, basi.

Sasa shikeni jambo moja, maana stori yote inasimama hapo. Themostati inaweka sakafu ya joto, haiweki dari. Inazuia injini isiwe baridi kuliko inavyotakiwa. Injini ikichemka wakati mlango uko wazi kabisa, themostati imeshamaliza kazi yake. Hapo tatizo liko kwa rediata, feni, pampu, kifuniko au hewa. Kuitoa hakukuongezei nguvu ya kupoza kama rediata yenyewe imeshindwa. Na kwa injini nyingi, themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya pembeni. Ukiitoa, maji mengine ya moto yanazunguka kupitia huko bila kuona rediata kabisa. Yaani unaweza kuitoa na bado ukachemka.

Kwa hivyo Jaduong' alikosea? Ngoja kwanza.

MJI ULIOZALIWA NA MAJI YANAYOCHEMKA

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwisho wa mwaka 1901. Ilipanda mpaka zaidi ya mita 2,500 kule Mau, kisha ikashuka hadi ziwani, mita kama 1,130 juu ya bahari. Muhoroni iko chini ya huo mlima. Injini za kwanza kupita hapa zilikuwa za mvuke, na kwa injini ya mvuke maji kuchemka ndiyo kazi yenyewe.

Kisha ikaja miwa. Kiwanda cha Miwani kilianza 1922, cha kwetu Muhoroni 1966, Chemelil 1968. Uwanda wote wa Kano ukaanza kuendeshwa na malori na matrekta. Na miwa ina tabia moja: ikishakatwa haingoji. Kadiri inavyokaa juani, sukari inapungua. Lori likisimama njiani limechemka, mkulima anapoteza, dereva anapoteza, na kesho yake fundi ndiye anaitwa ofisini.

Jaribu kuwaza Bedford ya mwaka 1975. Rediata inajazwa maji ya Mto Nyando, ndoo kwa ndoo, na yana matope. Kulanti ni kitu cha kusoma kwa kitabu cha gari. Kifuniko cha rediata kimechoka, hakishiki presha. Hapo fizikia inakugeukia: kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka mapema. Kwenye mita 2,500, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye karibu nyuzi 92, si 100. Sasa themostati yenye matope inakwama ikiwa imefungwa, katikati ya mlima, na spea lazima itoke ng'ambo.

Wewe ungefanya nini? Ungeitoa. Mimi ningeitoa. Ilikuwa akili, haikuwa ujinga.

Na hasara ya mafuta? Ilikuwepo, kwa sababu injini baridi ina oili nzito na haichomi vizuri. Lakini kabureta haina macho. Dereva anavuta choki asubuhi, anairudisha, na kuanzia hapo kabureta haijui kama maji yako nyuzi 60 au 85. Inamwaga kipimo kilekile. Zaidi ya hayo, mafuta yalilipwa na mwenye lori. Injini ikiungua, mtu wa kulaumiwa alikuwa fundi. Ukijua nani alilipa nini, unaelewa kwa nini themostati ziliishia kwa mkebe.

WAKATI MUHORONI ILITENGENEZA MAFUTA

Hapa kuna kitu wengi wa rika letu hawakijui. Wakati Jaduong' anatupa themostati kuokoa injini, mji huu ulikuwa unajaribu kuokoa mafuta ya nchi nzima.

Bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya 1973, ikapanda tena 1979. Kenya ilikuwa inanunua mafuta yake yote nje. Lakini sisi tulikuwa na molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kikajengwa hapa Muhoroni kugeuza molasi kuwa spiriti, na kuanzia 1983 ethanoli ya hapa ikawa inachanganywa na petroli, asilimia 10. Waliita mchanganyiko huo gasohol. Manze, wazee walioendesha Peugeot na Datsun mjini Nairobi miaka hiyo walikuwa wanachoma miwa ya kwetu!

Mpango ulikufa 1993. Bei zilizopangwa na serikali hazikulipa vizuri, kampuni za mafuta hazikuwa na hamu nao, na spiriti ilikuwa na wanunuzi wengine.

Lakini angalia hesabu. Lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na petroli. Ukichanganya asilimia 10, unapoteza nguvu ya kama asilimia 3 kwa lita. Hiyo ndiyo hasara dereva wa gasohol alikuwa nayo. Mimi, kwa kuishi bila kitu cha kiganjani, nilikuwa nimepoteza karibu asilimia 17 ya kilomita zangu. Sehemu yake ni mguu wangu, nakubali, turbo ina vishawishi. Lakini si yote.

HALAFU KOMPYUTA IKAINGIA

Mapema miaka ya 1990 masharti ya kuagiza vitu kutoka nje yalilegezwa, na mitumba ya Japani ikaanza kumiminika kupitia Mombasa. Baba zetu waliona rangi nzuri na redio ya kaseti. Kitu kikubwa kilikuwa chini ya boneti: kabureta ilikuwa inaondoka, na mahali pake kuna kompyuta inayopima mafuta yenyewe.

Kompyuta hiyo ina macho. Moja ya macho yake ni sensa ndogo inayosoma joto la maji. Ikisoma baridi, inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaongeza mafuta, inapandisha mzunguko wa injini, ili ipate moto. Ni choki, ila hakuna mtu wa kuirudisha. Itarudi yenyewe maji yakipata joto. Na kama umetoa themostati na unateremka asubuhi kutoka Muhoroni kuelekea Chemelil, barabara tambarare, hewa ya baridi inapiga rediata, maji hayapati hilo joto. Unafika Mamboleo kompyuta bado inafikiria ni saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa gari la turbo ni mbaya zaidi, na hapa simaanishi pesa ya petroli tu. Mafuta yanayomwagwa kwenye silinda baridi hayageuki yote kuwa mvuke. Mengine yanashikamana na kuta, yanaosha oili, yanapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili chini. Oili hiyo inapaswa kupata moto wa kutosha ili itoe petroli na unyevu. Isipopata, inakuwa nyepesi kama chai. Na turbo, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inalainishwa na oili hiyohiyo. Siku moja nilivuta kijiti cha kupimia oili, nikanusa, kilinuka kituo cha petroli. Nilipoa mwili mzima, na themostati sikuwa nayo hata mimi.

Nikanunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinachosoma namba za kompyuta kwa simu. Nikaendesha mpaka Kisumu asubuhi. Maji yalikaa kati ya nyuzi 58 na 63 karibu njia yote. Na sindano ya dashibodi? Ilikuwa chini kidogo tu ya kawaida, hata sikuwa nimeiona.

KOSA LANGU LA PILI

Ungedhani nilirudi kununua themostati ya kawaida. Hapana. Mimi ni kijana wa intaneti. Niliingia mtandaoni, nikakuta vijana wa turbo wa nchi za mbali wanasifu themostati za mashindano, zinazofunguka nyuzi 68 au 71. Nikaagiza ya 68. Nilijiona mjanja kuliko Jaduong'.

Hawa vijana nao wana sababu yao. Turbo ikisukuma hewa nyingi, joto ndani ya silinda linapanda, na mafuta yanaweza kulipuka kabla ya wakati. Injini inagonga, pistoni zinavunjika. Maji yakiwa baridi kidogo, hatari hiyo inapungua kidogo. Kwa gari la uwanja wa mashindano, lenye rediata kubwa na kompyuta iliyopangwa upya kwa joto hilo, sawa. Lakini gari langu linabeba spika na mathe.

Tena, hizo namba zina historia yake. Nyuzi 71 ni 160 kwa kipimo cha Fahrenheit cha Wamarekani. Zamani, kabla ya kulanti za kisasa kuenea, watu wa nchi za baridi waliweka spiriti ndani ya rediata ili maji yasigande. Ndiyo, spiriti, ndugu wa kile tunachotengeneza hapa Muhoroni. Spiriti inachemka mapema na kupotea, kwa hivyo magari yao yalitumia themostati za chini, kama hizo za 160. Kulanti zilipoboreka, watengenezaji wakapandisha joto hadi 80 na kitu, wengine karibu 90, kwa sababu injini yenye joto inachoma vizuri, inatoa moshi mchafu kidogo na kula mafuta kidogo. Kwa hivyo nilichoagiza kama teknolojia mpya kilikuwa na joto la enzi za babu wa Wamarekani.

Daftari: kilomita 8 kwa lita. Afadhali, lakini bado. Na siku nilipopanda tena Fort Ternan na mzigo, sindano ikapanda vilevile. Sakafu nilikuwa nimeishusha. Dari halikusonga hata kidogo.

Tena ilikuwa aibu, kwa sababu kitu hiki tulishakiona hapahapa Kenya. Mwaka 1984 Toyota Celica ya Björn Waldegård ilishinda Safari Rally, gari la kwanza la turbo kushinda mbio hizo. Mwaka 1990 Patrick Njiru, Mkenya, alichukua Subaru Legacy RS ya turbo ya Kundi N, yaani gari lililo karibu sana na lile la dukani, akamaliza wa nane kwa jumla. Lilikuwa gari la kwanza la Kundi N kumaliza Safari. Injini yake ni ya ukoo uleule wa EJ20. Vumbi letu na joto letu havikuiua. Kwa nini basi niliamini kwamba injini hiyo haiwezi kuishi Muhoroni bila kubadilishwa kila kitu?

SUFURIA

Nilirudi kwa Jaduong' Jumapili mchana nikiwa na simu, daftari na woga. Huwezi kumwambia mzee "ulikosea" mbele ya wanafunzi wake. Nikamsalimia, nikakaa, nikakunywa chai kwanza.

"Jaduong', naomba unisaidie kuelewa kitu. Ile themostati yangu bado iko?"

Akaangalia mkebe. Yangu ilikuwa juu juu, maana hakukuwa na gari lingine la hivi tangu siku ile. "Unataka kuifanyia nini?"

"Nataka tuipike."

Alicheka sana. Lakini alimtuma mmoja wa vijana wake alete jiko na sufuria. Tukaifunga themostati kwa uzi, tukaining'iniza ndani ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Tukakaa kama watu wanaongojea githeri.

Nyuzi 60, kimya. 70, kimya. Kwenye 77 ikaanza kufunguka, taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Kwenye 90 na kitu ilikuwa wazi kabisa. Kisha maji yakachemka, na kipimajoto hakikufika 100. Kiligota kwenye karibu 96, kwa sababu ya urefu wa mji wetu kutoka baharini. Yule kijana wa gereji alishangaa kuliko sisi wote.

Jaduong' aliitoa kwa koleo, akaigeuza geuza.

"Hii ni nzima," akasema.

Nikamwonyesha simu: nyuzi 58 hadi 63. Nikamwonyesha daftari: 9, 7.5, 8. Nikamweleza kuhusu sensa, kwamba gari linaongeza mafuta likidhani bado ni asubuhi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikaanza kujutia. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo:

"Bedford haikuwa na mtu wa kuambiwa. Hii yako iko na mtu ndani."

Hiyo sentensi moja ina miaka 50 ya historia ya magari.

Basi tukatafuta ukweli wa ule moto wa Fort Ternan. Haukuchukua hata saa moja. Ile intakula ya mbele aliyoiweka mwenye gari wa zamani inakaa mbele ya rediata, inaizibia hewa na kuipulizia joto. Katikati ya hizo mbili palikuwa na mkeka wa majani makavu ya miwa, wadudu na vumbi. Na kifuniko cha rediata kilikuwa kimechoka, mpira wake umekauka. Tuliosha, tukabadilisha kifuniko, tukaweka kulanti badala ya maji ya bomba, tukabadilisha oili, tukarudisha themostati ileile ya nyuzi 76 iliyotoka kwa mkebe. Jaduong' alikataa pesa ya kazi. Alisema nimemlipa kwa sufuria.

Tangu hapo nimepanda Fort Ternan na mzigo mara nyingi. Maji yanacheza kati ya 85 na 95, yanarudi chini nikifika juu. Daftari linasema 8.9. Ile nyingine ya 68 niliiweka kabatini, ikumbushe watu wa intaneti, mimi nikiwa wa kwanza.

MAONI YANGU

Kama uko na gari lenye kompyuta, liwe la turbo au la kawaida, usikubali themostati itolewe na isirudishwe. Likichemka, mwambie fundi aangalie rediata, kifuniko, feni, pampu na hewa. Ukishuku themostati, sufuria ipo jikoni kwenu. Imekwama? Weka mpya ya joto lilelile la mtengenezaji. Ya nyuzi za chini waachie watu wa uwanjani, waliopanga kompyuta yao kwa ajili yake.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya nisitume ile posti ya kwanza. Sisi vijana tunapenda kuwacheka wazee kwa kufanya mambo "bila sayansi". Jaduong' alikuwa na sayansi, tena ya kujifunza kwa kuungua mikono, mlimani, na miwa ikiharibika nyuma ya lori. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa swali la 1975. Swali ndilo lilibadilika, na hakuna aliyekuja gereji kumwambia. Mimi nilikuwa na intaneti yote mfukoni na bado nikameza jibu la watu wengine, la swali lisilo langu. Kati yetu wawili, mwenye kosa kubwa si yeye.

Wiki jana nilipita pale. Kulikuwa na Probox imepandisha joto, mwenyewe amesimama kando, amekasirika, anataka kitolewe chochote cha kutolewa ili aende zake. Jaduong' alikuwa ameinama kwenye boneti, spana mkononi, bado hajafungua kitu.

"Kwanza niambie," nikamsikia akiuliza, "hii gari iko na mtu ndani?"